Picha ya Mlango wa Yotham

Hana wa Mkonze alikuwa na jicho la ukuta. Ndivyo walivyosema watu wa kwao, na usidhani walikuwa wakimsifu, walikuwa wakimlalamikia. Ukimkaribisha ndani, kabla hujamletea kigoda cha kukalia amekwisha kuweka shavu ukutani, anafumba jicho moja na kuutazama ukuta wako kwa ubavu, kisha anakuonyesha udongo ulipovimba na ulipobonyea. Ubaya wake ni kwamba alikuwa anasema kweli. Kwa Wagogo wanaume ndio husimamisha nguzo za tembe na kupanga magogo ya paa, lakini kusiriba udongo ni kazi ya wanawake, na tangu akiwa msichana hapakuwa na mwanamke aliyesiriba kama yeye kuanzia Mkonze hadi Kikuyu, kando ya Dodoma.

Reli ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilipofika Dodoma, wanawake wa vijiji vya jirani waliitwa kubeba maji na chokaa ya kujengea stesheni. Hana alikwenda na kibuyu chake kama wengine. Siku ya tatu alimwona fundi mmoja wa pwani akipiga lipu ukuta wa mbele, akavumilia, akavumilia, mwishowe uvumilivu ukamwishia akamnyang'anya mwiko. Watu walidhani atachapwa. Fundi alimtazama kwa muda, kisha akaenda kukaa kivulini, na ukuta wa mbele wa stesheni ukamalizwa na mwanamke wa Mkonze.

Hapo ndipo alipokutana na Yotham. Huyu alikuwa Mgogo wa Mvumi, msomaji, yaani Mkristo wa misheni, aliyejifunza kuchonga mawe kwa fundi Mgiriki. Upinde wa mlango wa katikati ulikuwa kazi ya mikono yake, jiwe kwa jiwe, na aliuonea fahari kama mfugaji anavyomwonea fahari ndama aliyemzalisha mwenyewe. Hana alipofika na lipu yake hadi kwenye upinde, Yotham alisimama mbele ya mawe yake akayakinga kwa mgongo. Wakabishana siku mbili nzima. Hana alitaka lipu ifunike kila kitu ili ukuta uwe mmoja. Yotham alitaka mawe yake yaonekane hata na vipofu. Mwishowe upinde uliachwa kama ulivyo, na weusi wake wa jiwe, kuta za pande zote mbili zikawa nyeupe pe. Ugomvi wa namna hiyo hauna mwisho mwingine ila mmoja, na kweli baada ya mavuno walifunga ndoa.

Kwa kuwa Mvumi ni mbali na kazi ilikuwa Dodoma, walijenga tembe ndogo hapo Mkonze, karibu na kwa mama yake Hana, mjane aliyeitwa Sechelela. Ujirani huo ulikuwa na taabu zake. Kwa desturi yao mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mwanamume huacha njia akajificha, na mwanamke hugeuka akampa kisogo mpaka apite. Kwa hiyo Yotham hakutoka nje asubuhi bila kukohoa mara tatu, na Sechelela hakukatiza uani bila kugonga kibuyu chake kwa kucha. Mchungaji aliwafundisha wasomaji wake kwamba kumtazama mama mkwe si dhambi, na Yotham aliitikia amina pamoja na wenzake, lakini miguu yake haikuwa imebatizwa. Ikisikia kibuyu tu, imekwisha kumfikisha nyuma ya zizi. Hana alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka. Wale wawili waliishi jirani mwaka mzima, kila mmoja akiijua sauti ya mwenzake na asiujue uso wake.

Stesheni ilipomalizika, akaja Mdachi mmoja na sanduku lake la picha la miguu mitatu. Hakuwa mtawala wala mwanajeshi. Aliletwa apige picha za majengo mapya ya reli: stesheni, maghala, matangi ya maji, madaraja. Watu walimwita Bwana Kivuli, kwa sababu kazi yake kubwa, walivyoiona wao, ilikuwa kungojea kivuli. Angeweza kukaa mbele ya ghala la mizigo tangu alfajiri akitazama kivuli cha paa kinavyoshuka ukutani, kisha akapiga picha moja tu na kufunga sanduku. Hakutaka watu ndani ya picha zake. Hakutaka mbuzi, wala mawingu, wala kamba ya kuanikia nguo. Msaidizi wake Hasani, mtu mzima, Mrangi wa Kondoa mwenye Kiswahili kilichonyooka, ndiye aliyezunguka kwanza kuwaomba watu radhi na kuwafukuza.

Wengi walisema Mdachi huyu ana wazimu. Hana hakusema hivyo. Alimwona akifumba jicho moja na kuutazama ukuta kwa ubavu, akajua huyu ni mwenzake. Siku moja Bwana Kivuli aliuliza, kwa kinywa cha Hasani, ni nani aliyepiga lipu ule ukuta wa mbele, maana mwanga wa asubuhi ulikuwa unapita juu yake bila kukwama popote. Hana akasema ni yeye. Mdachi akamwashiria aingize kichwa chini ya kitambaa cheusi. Humo ndani, juu ya kioo, aliiona stesheni nzima imesimama kichwa chini, ndogo kama kiganja, na upinde wa Yotham umo na kila jiwe lake. Hasani alimweleza kwamba picha hunaswa kwanza kwenye kioo, na ikitolewa kwenye karatasi rangi zote hufa, hubaki nyeusi na nyeupe na yale yaliyo katikati yake, majivu na moshi na vumbi. Hana hakuona ajabu. Anayesiriba hatazami rangi, hutazama mahali mwanga unapoishia. Kama angezaliwa kwingine na kwa namna nyingine, angekuwa na sanduku lake mwenyewe, na mimi ningependa kuona picha zake kuliko za Bwana Kivuli.

Mwaka uliofuata reli ilishika njia ya Tabora, na waashi wakaambiwa wajiandae kuifuata. Hana alikuwa na mimba ya miezi minane. Kesho ikiwa ndiyo safari, Bwana Kivuli alitaka picha ya mwisho ya mlango wa katikati, na safari hii, kinyume cha desturi yake, alitaka mtu mmoja asimame chini ya upinde ili urefu wa mlango ujulikane. Yotham akajitokeza, nani tena? Picha ilipigwa jua likichomoza. Ilimpasa asimame bila kutikisika mpaka Hasani amalize kuhesabu sitini, kwa kuwa Bwana alikuwa ameliziba jicho la sanduku likabaki tundu dogo, ili kila jiwe litoke waziwazi. Hana hakuwapo. Alikuwa nyumbani, miguu imemvimba, na hata maziwa ya kupeleka mjini alipelekewa na mama yake.

Jioni ile mume na mke hawakusema mengi juu ya safari. Walijua wote wawili kwamba reli haina haraka ya kumrudisha mtu. Yotham alizungumza juu ya picha.

"Nimo kwenye kile kioo, Hana," alisema. "Ukinikumbuka mno, mtafute Hasani akuonyeshe. Nimesimama chini ya mawe yangu, na ukuta wako pande zote mbili."

Alisema kwa maringo kidogo, kisha akacheka akitazama kando, na Hana hakumuuliza anacheka nini. Kesho yake gari moshi lilimchukua.

Ruthu alizaliwa wiki tatu baadaye. Mwaka wa kwanza salamu zilikuja kwa vinywa vya watu wa reli: Yotham yuko Manyoni, hajambo, anauliza mtoto ana meno mangapi. Kisha yuko Tabora, hajambo, anauliza kama mtoto ameanza kutembea. Kisha salamu zikawa chache. Mwaka wa tatu alishuka kwenye gari moshi mwashi mwenzake, Sostenes wa Mvumi, akaja Mkonze kwa miguu. Aliamkia "Mbukwenyi", akapewa kigoda, akapewa maji, na maji hakuyagusa. Homa ilikuwa imemchukua Yotham karibu na mto Malagarasi. Walimzika palepale kando ya tuta la reli, wakapanga mawe juu yake.

Hana alilia kama wajane wanavyolia, mbele za watu na kwa sauti. Kilio hicho kilikuwa na mwisho wake. Kisichokuwa na mwisho kilianza miezi kadhaa baadaye, naye hakumwambia mtu. Uso wa Yotham ulikuwa unamtoka. Mikono yake aliikumbuka, kila kovu. Kikohozi cha asubuhi alikisikia mpaka leo, na harufu ya vumbi la jiwe shingoni mwake ilikuwa ikimjia ghafla akiwa kisimani, akasimama na kibuyu mkononi asijue alichofuata. Lakini alipoutaka uso, ulimjia nusu. Akiyapata macho, mdomo unapotea. Akiupata mdomo, anagundua kuwa ni wa Sostenes. Majirani walikuwa wakisema Ruthu ni Yotham mtupu, na Hana alimkazia mtoto macho asione wamefanana wapi. Jambo hilo lilimtisha kuliko msiba wenyewe. Mara ya kwanza Yotham alichukuliwa na homa. Safari hii aliyekuwa akimpoteza ni yeye, Hana, na hapakuwa na wa kumlaumu.

Akabaki na lile tegemeo moja. Yumo kwenye kioo. Kila alipopeleka maziwa mjini alipita stesheni kuuliza kama Bwana Kivuli amerudi, kisha akaenda kusimama kidogo chini ya upinde, kiganja juu ya jiwe. Makarani walimzoea. Mmoja alimtania kwamba anangoja gari moshi la miaka mitatu, na Hana akamjibu kwamba ukuta wa ofisi yake una ufa.

Reli ilipofika Kigoma, Bwana Kivuli alipita Dodoma akirudi pwani, akakaa siku chache. Hana alizipata habari kwa wauza maziwa wenzake. Hapohapo alimfunga Ruthu mgongoni, akashika njia. Alimuaga mama yake, akamwambia anakwenda kumwona Yotham kwenye picha. Sechelela alisimama uani akimtazama anavyokwenda, na Hana alidhani ni uzee tu.

Hasani alimpokea kwenye baraza ya ghala la mizigo, akampa pole ndefu kwa msiba. Lakini alipoambiwa Hana amefuata nini, alianza kupanga upya vitu vilivyokuwa vimekwisha kupangwa. Alisema vioo vimefungwa. Alisema Bwana amechoka. Hana alimshusha Ruthu mgongoni, akakaa chini, akamwambia atangoja. Basi Hasani akaingia ndani, akatoka na karatasi pana kama sinia iliyofungwa kwa kitambaa, na Bwana Kivuli mwenyewe akamfuata nyuma, kwa kuwa picha hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote alizopiga tangu pwani hadi ziwani.

Kitambaa kilipofunuliwa, Hana aliuona ukuta kwanza. Hata mimi ninayesimulia sitamlaumu. Ndivyo jicho lake lilivyokuwa. Ukuta ulikuwa mweupe kuliko alivyouacha, na mwanga umetandaa juu yake tangu pembe hadi pembe. Kivuli cha paa kilikuwa kimeukata kwa mstari mmoja mweusi ulionyooka. Anga lilikuwa jeusi kama usiku ingawa ilikuwa asubuhi. Na katikati, upinde: kila jiwe na ubavu wake wa mwanga na ubavu wake wa giza, alama za patasi zinahesabika. Hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Alishusha macho polepole, kwa makusudi, kama mtu anayeogopa kumaliza chakula, mpaka chini ya upinde.

Palikuwa na moshi. Moshi wa urefu wa mtu, wenye mabega, na mbao za mlango zinaonekana kupitia kifuani mwake. Mahali pa uso palikuwa na mbao.

Akaisogeza karatasi karibu. Akaigeuza upande. Ndipo alipoona, pembezoni kabisa mwa picha, mwanamke mzee mwenye kibuyu kichwani, amesimama wima na kutoka waziwazi hata mikunjo ya kaniki yake ikahesabika. Alikuwa mama yake.

"Alikimbia, mama Ruthu," Hasani alisema. "Nilikuwa nimefika thelathini. Alimwona mama mkwe wake, akaruka nyuma ya ukuta. Anayeondoka kabla ya sitini hubaki moshi, na yule mama alisimama mpaka mwisho. Nilitaka tuanze upya na kioo kingine, lakini Bwana akasema acha, mlango mtupu unapendeza zaidi."

Bwana Kivuli, aliyekuwa akiuangalia uso wa Hana, alidhani ameguswa na kazi yake. Akamtuma Hasani amuulize anaionaje.

"Mwambie ukuta umetoka vizuri," Hana alisema.

Njiani alikwenda mbio, na hasira zikamsaidia kumbeba mtoto. Mama yake angepita njia nyingine. Angegonga kibuyu chake kwa kucha kama alivyofanya kila siku ya Mungu. Njia zote za Dodoma, asubuhi zote za mwaka, na mama yake akachagua ile. Na Yotham naye, mwanamume mzima, mbele ya Wadachi, akatoka mbio kama panya! Alimkasirikia marehemu, kisha akajikasirikia mwenyewe kwa kumkasirikia. Karibu na Mkonze hasira zilianza kupoa, na kitu kingine alichokiona kwenye picha, ambacho jicho lilikishika kabla moyo haujakishika, kikapata nafasi. Akapunguza mwendo.

Alimkuta Sechelela amekaa nje ya tembe akipeta uwele.

"Umemwona?" mama aliuliza bila kuinua macho.

"Nimekuona wewe."

Ungo ulisimama. Sechelela alisema kwamba ilikuwa lazima maziwa yafike, na mjamzito alikuwa hawezi kutembea, na yeye alikuwa hajui habari za sanduku wala za picha. Yote hayo yalikuwa kweli.

"Mle ndani ya picha hukugeuka, mama," Hana alisema. "Uso wako umeelekea mlangoni. Ulikuwa unamtazama."

Kuambiwa hivyo na mwanawe mwenyewe, mchana kweupe, ilikuwa aibu ambayo wengine wangehama kijiji. Mwishowe Sechelela aliuliza nani mwingine ameona. Hana akasema kwamba wataiona huko Ulaya, lakini huku anayejua maana yake ni yeye tu.

"Nilidhani wamemfunga," Sechelela alisema. "Mtu hasimami vile. Nilijua jinsi Wadachi wanavyowafunga watu nguzoni na kuwachapa viboko. Nikatazama kama ana kamba mikononi. Sikuona kamba, lakini sikuamini, nikazidi kutazama. Ndipo akaniona."

Alisema tangu siku ile amekuwa akiomba ardhi impasukie. Na habari za kifo zilipokuja, alijua ni yeye aliyemtupia mkwe wake mkosi kwa kumtazama, na hakuwa na wa kumweleza.

Hana aliketi chini mbele yake, mtoto mapajani. Hasira zilikuwa zimekwisha, na kilichobaki kilikuwa kizito zaidi kukisema.

"Mama, nimemsahau. Uso wake umenitoka wote. Niambie alikuwaje."

Sechelela alikataa. Uso wa mkwe hauzungumzwi, sembuse wa marehemu. Alikataa tena. Kisha akamtazama binti yake vizuri, akaweka ungo kando, akageukia ukuta na kuwapa kisogo wote wawili, kama mtu anayempisha mkwe njiani. Akaanza kusema akiwa amekaa hivyohivyo.

Alisema paji lake lilikuwa pana, na ile alama ya duara wanayochanjwa Wagogo kwenye paji haikukaa katikati. Aliyemchanja alikosea, ikasogea upande wa kushoto. Nyusi zake zilikaribia kukutana. Ule wa kulia ulikuwa umekatwa na kovu jembamba, labda la kipande cha jiwe. Hana alipitisha kidole kwenye paji la Ruthu, kisha kwenye nyusi zake. Zilikaribia kukutana. Alikuwa amezipangusa vumbi kila siku kwa karibu miaka mitatu. Sechelela alisema masikio yalikuwa madogo, yamelala, si kama ya watu wa Mvumi. Kidole kikaenda kwenye sikio, nalo lilikuwa dogo, limelala.

"Na mdomo?" Hana aliuliza.

"Mdomo wa juu mfupi. Na upande mmoja alikuwa ameubana, hivi, shavu likaingia shimo. Hakuwa na hofu, mwanangu. Alikuwa anajizuia asicheke."

Hana aliweka kidole juu ya mdomo wa mtoto. Ruthu, aliyekuwa akitekenyeka muda wote huo na kuvumilia kwa kuwa aliona wakubwa hawachezi, alibana mdomo upande mmoja ili asicheke, na shavu likaingia shimo.

Hana hakutikisika. Polepole, kwa sauti ya chini, alimwomba mama yake ageuke atazame kama ndivyo.

Sechelela aligeuka. Alipomwona mtoto, alijifunika uso kwa kaniki, akainuka na kumpisha.